"Gari Yako Inalala Wapi?" Swali Lililomkosesha Marcella Usingizi

Adhana ya alfajiri imetoka kukatika katika msikiti ulio karibu na soko la Migori, na Marcella Nyamusi tayari yuko kazini, ingawa kazi anayoifanya saa hii haimlipi hata senti.

Yuko katika yadi iliyo nyuma ya soko, mahali ambapo magari ya wafanyabiashara wanaotoka mbali hulala. Anapita kati ya magari yaliyolowa umande, shali mabegani, viatu vya mpira miguuni. Akilifikia gari la aina moja tu anayoijua yeye, anasimama, anageuza kiganja na kuigusa boneti kwa nyuma ya mkono, jinsi mama anavyomgusa mtoto aliyeshinda bila kula.

La kwanza ni baridi. La pili nalo ni baridi. Anapolifikia la tatu, jeupe, lililosheheni magunia ya mahindi, mlango unafunguka kwa kishindo na mwanamume aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti cha dereva anaruka nje akiwa na kiatu kimoja.

"Wee mama! Unatafuta nini kwa gari yangu?"

"Joto," anajibu Marcella.

Jibu hilo halimtulizi mwenye gari. Jina lake ni Gisiri, na huleta mahindi Migori kutoka Kehancha. Anauliza ni joto gani hilo, na mwanamke mzima anatafutaje joto kwenye magari ya watu kabla ya jua kutoka.

"Mimi ni dereva kama wewe," Marcella anamwambia kwa upole. "Hii si Minazora? Siku zile hulali hapa sokoni, gari yako inalala wapi?"

Hapo ndipo anapoharibu kabisa. Gisiri anamwita mlinzi kwa sauti ya mtu anayeibiwa. Mlinzi anakuja akipiga miayo, anammulika Marcella kwa tochi na kuizima. "Huyo ni mama wa kugusa magari," anasema. "Hana neno." Kisha anarudi zake kwenye kibanda. Gisiri hatulii. Anasimama mbele ya boneti yake, mikono kifuani.

Marcella hakasiriki. Miezi michache iliyopita yeye mwenyewe aliulizwa swali hilohilo kwa simu, na jibu alilolitoa haliwezi kuchapishwa gazetini.

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Alizaliwa Nyamira, akaja Migori kwa ndoa, na alianza biashara kwa kupanga mafungu ya ndizi kando ya barabara. Leo ana gari lake mwenyewe, Minazora ya rangi ya maziwa iliyochujuka, lenye maandishi "Nyar Nam" kwenye kioo cha nyuma. Maana yake kwa Kijaluo ni binti wa ziwa. Mkisii wa milimani kujiita binti wa ziwa ni jambo linalowachekesha sana wachuuzi wa Homa Bay, naye huwaacha wacheke.

Asubuhi hushuka Homa Bay na ndizi na kabichi. Alasiri hurudi na samaki, ngege na omena, kutoka kwa mashua za kisiwa cha Mfangano na kwa wachuuzi wa ufukwe wa Kisegi. Mumi, samaki asiye na magamba, pia humbeba, maana wateja wanamtaka, lakini kumla hamli, imani yake hairuhusu.

"Siku nzuri naweza kubaki na kama elfu mbili baada ya mafuta," anasema. "Siku mbaya nabaki na harufu tu."

Gari hilo alilinunua kwa mkopo wa chama cha akina mama, likiwa limetumika Japani. Lilikuja na vibandiko vya Kijapani chini ya boneti. Fundi mmoja alimwapia kwamba vinasema "karibu", na kwa miaka mingi Marcella alikuwa akifungua boneti na kujihisi amekaribishwa.

Tangu wezi walipong'oa vioo vyake vya pembeni, gari hilo halikulala tena mbali na macho yake. Kila jioni alilisogeza mpaka pua ikagusana na ukuta wa nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba cha bintiye, Beverlyne, aliye kidato cha nne. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mwizi akiligusa, Beverlyne atasikia.

Kulikuwa na utaratibu mwingine uliowachekesha majirani. Marcella na mumewe, Onchiri Mosoti, ni Waadventista, na Mosoti ni mzee wa kanisa. Jumamosi nyumba yao hubaki tupu tangu asubuhi hadi jua linapozama. Jumamosi moja walirudi kutoka kanisani wakakuta betri imeng'olewa. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, Marcella huifungua betri, huibeba kifuani na kuiweka chini ya kitanda. Jumapili alfajiri huirudisha.

Mapema mwaka huu gari lilianza kisirani. Asubuhi halikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, vijana wakaitwa kusukuma. Marcella akaenda kwa Farah, Msomali kutoka Garissa mwenye duka la vipuri karibu na steji, mtu aliyekuwa akimuuzia kila kitu tangu siku za mwanzo, akanunua betri mpya. Baada ya wiki, betri mpya nayo ikawa inakufa.

Marcella hakwenda kuuliza. Alikwenda kushtaki.

"Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ameniuzia betri kuukuu iliyopakwa rangi," anakumbuka, na uso unamshuka. "Aliniapia. Nikamwambia hata mwizi huapa. Nikatoka."

Kwa miezi miwili alipita mbele ya duka lile akitazama ng'ambo.

Lililomthibitishia kwamba Farah ni mlaghai ni Jumapili. Siku nyingine zote gari lilisukumwa, lakini Jumapili lilishika mara moja na kunguruma. Marcella hakuona ajabu yoyote hapo. Gari lenyewe ni zima, betri ndiyo mbovu; limepumzika Sabato, limebarikiwa, basi! Alisimama kanisani akatoa ushuhuda: hata kifaa cha chuma kikishika Sabato, Mungu hukitia nguvu, ijapokuwa kina betri ya magendo. Watu wakasema amina. Akina mama wawili walimfuata nje kumuuliza kama pikipiki nazo hubarikiwa vivyo hivyo.

Kisha ikaja ile simu. Ilikuwa Alhamisi, yuko njiani maeneo ya Rodi Kopany, akaegesha kando kuipokea. Sauti ilikuwa ya msichana, laini, yenye adabu nyingi. Adabu hiyo ndiyo iliyomfanya akae chonjo tangu neno la kwanza.

"Hujambo mama. Naitwa Lorine, napiga kutoka kwa wakala wa Minazora. Gari yako imeitwa irudi."

"Irudi wapi? Japani?"

"Hapana, mama. Irudi kwa fundi. Kuna pampu ya breki, ile ya ABS, imegunduliwa ina kasoro. Inaweza kushika moto hata kama gari imezimwa. Tunabadilisha bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Hata shilingi hulipi."

Marcella amefanya biashara maisha yake yote na hajawahi kupewa hata kitunguu cha bure bila kuambiwa baadaye bei yake. Akauliza namba yake wameitoa wapi. Akaambiwa kwa kampuni ya bima. Naam, akaona njama imekamilika: wezi wana mtu wao ndani ya bima.

"Na kabla tuitengeneze, tafadhali usiiweke karibu na nyumba," msichana akaendelea. "Iweke mbali kidogo. Kwani gari yako inalala wapi?"

"Nilihisi nywele zimenisimama," Marcella anasimulia. "Mtu hunijui, hunioni, unaniuliza gari yangu inalala wapi, na unataka ilale mbali na nyumba! Si uniambie tu nikuachie na ufunguo ndani?"

Maneno aliyomwambia Lorine baada ya hapo aliyatubu siku nyingine. Akakata simu na kuizuia namba.

Alipofika Homa Bay alimsimulia rafiki yake Phelesia, mchuuzi wa samaki karibu na gati. Phelesia alipiga makofi ya mshangao mpaka magamba yakaruka.

"Nyar Kisii, usithubutu!" alisema. "Hao watu wanakula injini. Unawapelekea ya Japani, wanakurudishia ya kukorogwa. Unafika kwa kilima inakohoa."

"Anasema inawaka moto ikiwa imezimwa."

"Uongo! Gari iliyozimwa itawakaje? Ile ya Kisegi ilichomwa. Mwenyewe alikuwa anakunywa chai mchana peupe, akasikia watu wanapiga nduru. Minazora kama yako. Na aliyechoma anajulikana, ni shemeji yake. Walikuwa na maneno ya shamba. Wakamtimua, sasa yuko Mfangano anajificha."

Marcella alitikisa kichwa kukubali. Shemeji ndiye. Gari halijichomi. Kukubali huko, ambako hakukumgharimu chochote siku ile, ndiko kunakomuuma zaidi leo.

Hata hivyo, neno lile la moto lilimganda kichwani. Usiku alijigeuza kitandani akisikiliza. Alisikiliza wezi, si moto. Alikuwa na hakika kwamba sasa wanaijua nyumba.

Ijumaa jioni akafungua betri kama kawaida. Jumapili alfajiri akatoka nayo kifuani kuirudisha, akaona kitu ambacho hakukitilia maanani: paka wa jirani, jimama la manjano, hakuwa mahali pake. Siku nyingi alimkuta amelala juu ya boneti, akamfukuza kwa kandambili kwa sababu ya alama za miguu. Jumapili hiyo paka alikuwa amejikunja juu ya paa la jiko. Marcella akafunga betri, gari likanguruma, akamshukuru Mungu, akaenda zake.

Jumatatu alfajiri paka alikuwa amerudi kwenye boneti, amejinyoosha usingizini kama mwenye nyumba.

"Niliinua kandambili," anasema Marcella. "Halafu mkono ukakataa kushuka. Nikajiuliza, huyu jana alikuwa juu ya jiko. Leo yuko hapa. Paka anafuata nini?"

Akamsogeza, akaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa na joto.

Gari lilikuwa limezimwa tangu jioni. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wake. Umande ulikuwa umelowesha paa, vioo na milango, lakini pale alipokuwa paka, upande wa kushoto, bati lilikuwa kavu na lenye joto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Na hatua moja kutoka hapo, nyuma ya pazia jepesi na ukuta wa matofali membamba, Beverlyne alikuwa amelala.

Marcella anasema hajawahi kuogopa vile, hata siku alipojifungua. Hakupiga kelele. Alifungua boneti na kuuvuta waya wa betri kwa mikono mitupu mpaka akajichubua, kisha akaenda kumwamsha binti yake.

"Mama aliniambia nihamie sebuleni na nisiulize," Beverlyne anakumbuka. "Nilidhani ameota ndoto mbaya."

Hofu haikuua shaka. Iliipa tu kazi zaidi. Sasa Marcella aliamini kwamba gari lina ugonjwa, ila hakuamini kwamba Lorine ni daktari. Akaifungua namba aliyokuwa ameizuia, lakini hakupiga. Alitaka kwanza kuwaona hao watu kwa macho.

Katika ujumbe ambao Lorine alikuwa ametuma kabla ya kupiga, na ambao Marcella hakuusoma siku ile, gereji ilitajwa kuwa Homa Bay. Marcella alirudisha waya, akashuka Homa Bay, akashusha kabichi, akaegesha karibu na gereji na kusimama ng'ambo ya barabara kwa muuza chai, akanunua chai asiyoitaka.

"Hawa watu wa gereji ile unawajua?" akauliza.

"Wamekodi juzi," muuza chai akasema. "Wanalipa chai yao."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza zuri alilolisikia juu yao. Akavuka. Msichana mwenye ovaroli ya bluu alitoka chini ya gari akijipangusa mikono. Ile sauti laini, yenye adabu nyingi, ikamsalimia.

"Ni wewe Lorine? Nilidhani wewe ni wa Nairobi."

"Mimi ni wa Rongo, mama. Tuko wachache. Anayepiga simu ndiye anafungua boneti." Akatabasamu. "Na wewe ni yule wa kuniuliza kama nataka na ufunguo?"

Marcella alitamani ardhi impokee. Lorine hakumshikia neno. Alimweleza kwamba pampu ile hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, gari liwe limewashwa au limezimwa. Mafuta ya breki yakipenya ndani yake, umeme huanza kuvuja. Kwanza hunyonya betri polepole. Kisha huleta joto. Kisha, siku yoyote, moto.

Neno "hunyonya betri" lilimkumbusha Marcella betri ya Farah, lakini hakumtaja. Badala yake aliuliza kuhusu vibandiko vya Kijapani. Lorine alifuatana naye mpaka kwenye gari, akainama chini ya boneti, akalinganisha na picha kwenye simu yake. "Hii ni tarehe ya kubadilisha oili," akasema. Hakuna aliyekuwa amemkaribisha Marcella miaka yote hiyo.

Kulikuwa na shida moja. Pampu zilizoletwa zilikuwa chache, na kazi ingefanywa siku moja tu kabla ya mafundi kuondoka kwenda kaunti nyingine. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Nyumbani, Mosoti alisikiliza yote hadi mwisho. Kisha akamkumbusha mkewe kwamba hawaendeshi gari Sabato, na kwamba kumtuma mtu mwingine awafanyie kazi siku hiyo ni yaleyale, maana amri haimwachi nje hata mgeni.

"Na nyumba ikishika moto Sabato," Marcella akamuuliza, "tutazima, ama tutangoja jua lizame?"

Mwishowe Mosoti alisema kwa shingo upande kwamba ufunguo ukitolewa Ijumaa, kinachotendeka baadaye ni kati ya huyo mtu na dini yake.

Mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu. Marcella hakumjua mwingine mwenye leseni, anayejua magari, na asiyekuwa na haja ya kuwa kanisani Jumamosi. Alikwenda kwa Farah akiwa amebeba haya yake mikononi.

"Mama Beverlyne," Farah akasema bila kuinuka. "Leo barabara ya upande huu imefunguliwa?"

Akamweleza shida yake. Farah alimsikiliza akipanga plagi kwenye rafu.

"Na ikipotea?" akauliza. "Si utasema Farah ameiuza? Wallahi, mimi naogopa gari yako kuliko huo moto."

"Sitasema."

"Ulisema kuhusu betri."

Farah alipanga plagi mbili zaidi, kisha akanyoosha mkono kwa ufunguo. Alisema anakubali kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mama yake.

Msomaji angetarajia kwamba baada ya hapo Marcella alitulia. La hasha. Ijumaa, jua likiwa limeinama, aliingia chumbani kwa Beverlyne na kutoa nyuma ya vitabu chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, chupa ambayo bintiye alidhani hakuna anayeijua katika nyumba ya mzee wa kanisa. Akafungua boneti. Akaweka tone kwenye injini, kwenye betri, kwenye stata, kwenye rejeta, kwenye pampu yenyewe, kwenye kila kitu ambacho mtu angeweza kukifungua na kubadilisha. Akaweka tone hata kwenye jeki. Ndipo akampelekea Farah gari.

Sabato hiyo ilikuwa ndefu. Simu huzimwa katika nyumba yao siku hiyo, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kujua. Kanisani alisimama watu walipokaa, akakaa waliposimama. Aliwaza Farah yuko Isebania anavuka mpaka. Aliwaza Lorine na Farah wanajuana, na kwamba yule muuza chai naye ni wao.

Jua likazama. Gari halikuwa limefika.

Giza lilipoanza kukaza, taa zikapinda kona. Farah akashuka akicheka peke yake.

"Gari yako ina tetekuwanga!" akasema. "Mafundi wote waliacha kazi wakaja kuangalia."

Marcella hakucheka. Mbele yake, bila hata kumkaribisha chai, alifungua boneti na kumulika tone moja baada ya lingine. Injini, lipo. Betri, lipo. Stata, rejeta, yote yapo. Palipokosekana tone ni kwenye pampu tu, na pampu hiyo ilikuwa mpya inang'aa.

Farah alimtazama mpaka alipomaliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Mama Beverlyne," alisema taratibu, "ungenipaka na mimi moja. Ujue kama aliyerudi ni mimi."

"Hapo nililia," Marcella anasema. "Sikulia kwa sababu ya gari. Nililia kwa sababu alikuwa na haki ya kusema vile, na alikuwa ameendesha siku nzima."

Farah alimkabidhi mfuko wa plastiki uliotumwa na Lorine. Ndani yake mlikuwa na pampu ya zamani. Upande mmoja ilikuwa na tone jekundu. Upande wa pili, pale nyaya zinapoingia, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi. Lorine alikuwa amemwambia Farah amweleze mwenye gari kwamba kitu hicho ndicho kilichokuwa kikinyonya betri kila usiku. Farah hakuyasema. Marcella ndiye aliyesema, kwa sauti, mbele ya mumewe na bintiye: betri ilikuwa nzima, nilikusingizia.

Jumatatu yake alikwenda dukani kwa Farah wakati kumejaa wateja, kusudi, akayarudia maneno hayo. Kisha akaomba fyuzi mbili.

"Za kweli ama za kupakwa rangi?" Farah akamuuliza, na duka zima likaangua kicheko.

Kanisani alisimama tena kurekebisha ushuhuda wake. Aliwaambia kwamba gari halikuwa limebarikiwa, lilikuwa tu halina umeme wa kunyonywa. Wengine walinung'unika, maana ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi. Marcella mwenyewe hakuiacha Sabato yake nje ya hadithi.

"Kama si kutoa betri Ijumaa, paka angelala pale siku zote saba, na mimi nisingejua kitu," anasema. "Mimi bado nasema Sabato iliniokoa. Ila si vile nilivyosema."

Pampu iliyoyeyuka huitembeza ndani ya gari. Wiki iliyofuata aliipeleka kwa Phelesia, ambaye aliishika, akainusa, akatoa simu yake. Wawili hao walituma picha Kisegi, kwa mwenye gari lililoungua. Alizifungua. Hajajibu. Shemeji yake bado yuko Mfangano, na Marcella kila akikutana na mashua ya kutoka huko humuuliza nahodha kama mtu huyo amesikia.

Ndiyo maana anagusa boneti za watu alfajiri. Lorine amemuonya kwamba boneti ikiwa baridi si kusema gari ni zima, la muhimu ni namba ya chesisi ikaangaliwe kwa wakala. Marcella anajua. Kugusa ni namna yake ya kuanzisha mazungumzo, ingawa wengi huyamaliza kwa kumfukuza. Wengine humwita kibaraka wa wakala. Mmoja alimwambia ni mchawi.

"Siwalaumu," anasema. "Mimi nilikuwa mbaya kuliko wao."

Matumaini yake ni kuona kila Minazora ya Migori na Homa Bay imepata pampu mpya kabla ya nyingine kuungua na mtu mwingine kusingiziwa. Amemsumbua Lorine mpaka mafundi wamekubali kurudi, safari hii Rongo, na siku aliyoipigania yeye: Jumapili.

Katika yadi, kumepambazuka. Gisiri bado amesimama mbele ya boneti yake. Amesikiliza habari yote, ameigeuzageuza pampu iliyoyeyuka mikononi, na uso wake haujalegea.

"Na nikipeleka huko Rongo wakinibadilishia vitu?"

Marcella anaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa chupa ndogo nyekundu, iliyobaki nusu.

"Shika. Paka kila kitu unachoogopea. Hata jeki. Ukirudishiwa, angalia."

Gisiri anaipokea kwa vidole viwili. Anaiinua kwenye mwanga, anaitikisa, anafungua kifuniko na kunusa. Anamtazama Marcella, kisha chupa, kisha gari lake.

"Inalala ukutani," anasema mwishowe, sauti imeshuka. "Kwa dirisha la watoto."

"Basi leo," Marcella anamwambia, "isilale hapo."